Shajara ya mradi: kulinganisha petroli ya stesheni nane za Kisumu

Wiki ya 1. Swali lenyewe

Swali lililoanzisha mradi huu husikika kila siku kwenye vijiwe vya bodaboda vya Kondele na Nyamasaria: stesheni gani ina petroli nzuri? Likiulizwa hivyo halijibiki, na ndiyo sababu wiki nzima ilikwenda kwa kulichambua.

Kenya haisafishi tena mafuta ghafi. Mtambo wa Changamwe, Mombasa, uliacha kazi hiyo 2013. Petroli huingia nchini ikiwa tayari imesafishwa, hushushwa Mombasa, kisha husukumwa kwenye bomba la Kenya Pipeline hadi Nairobi na Nakuru, na tawi linaloanzia Sinendet huileta Kisumu. Ndani ya bomba hilo petroli ya kampuni moja haitengwi na ya kampuni nyingine. Kila mwenye mali hupewa kiasi chake deponi, lakini si lazima yawe matone yale yale aliyoingiza. Kwa hiyo malori mawili yenye rangi na nembo tofauti yakijazwa asubuhi moja kwenye depo ya Kisumu, yanabeba kitu kimoja.

Tofauti, kama ipo, huzaliwa baada ya lango la depo. Chemba ya lori iliyobeba dizeli jana huenda haikukauka vizuri. Mtu anaweza kuongeza mafuta ya taa njiani. Maji ya mvua hupenya kwenye tenki la chini ya ardhi. Petroli inaweza kukaa muda mrefu hadi sehemu yake nyepesi ikapaa. Pampu nayo inaweza kupima pungufu, na hilo halihusu ubora hata kidogo ingawa mnunuzi hulihisi kama ubora. Baadhi ya kampuni pia huongeza dawa ya kusafisha injini kwenye petroli yao, kama Shell wanavyofanya na V-Power. Dawa hiyo ni kidogo mno kuonekana kwa vifaa vyetu, na kazi yake huonekana baada ya maelfu ya kilomita. Tumeiacha nje ya mradi.

Uamuzi wa wiki hii: tunapima stesheni na siku, hatupimi nembo. Stesheni nane, kutoka barabara ya Kakamega hadi njia ya Ahero, zimepewa alama P1 hadi P8.

Wiki ya 2. Namna ya kuchukua sampuli

Sehemu hii inaonekana rahisi, na ndiyo inayoharibu vipimo vingi kuliko nyingine zote.

Mpira wa pampu hubaki na mafuta ya mteja aliyetangulia. Katika stesheni isiyo na wateja wengi, mafuta hayo yamekaa juani tangu asubuhi. Kwa hiyo tunaweka kwanza lita 4 kwenye tenki la pikipiki, halafu bila kuchelewa tunajaza mtungi wa sampuli. Mtungi ni wa chuma, wa lita 5, wenye kifuniko cha skrubu na pete ya mpira usioliwa na petroli. Unawekwa chini, kamwe si juu ya pikipiki wala mikononi, na mdomo wa pampu unagusa shingo ya mtungi muda wote ili umeme tuli ushuke ardhini. Stesheni mbili zilikataa kujaza mtungi wowote hadi zilipoonyeshwa kuwa ni wa chuma. Walikuwa na haki.

Kutoka mtungini tunajaza chupa mbili za kioo cha kahawia za lita 1, kila moja hadi asilimia 80 hivi. Ikijaa hadi juu, petroli ikipata joto inatanuka na kusukuma kifuniko. Ikijazwa nusu, nafasi tupu inajaa mvuke, na mvuke huo ndio sehemu nyepesi tunayotaka kuipima. Chupa zinaingia kwenye boksi lenye barafu papo hapo na hazifunguliwi hadi zipoe. Lebo ina alama ya stesheni, saa, namba ya pampu na joto la hewa, basi.

Sharti kuu: stesheni zote nane zichukuliwe sampuli ndani ya saa tatu za siku moja. Sababu yake iko kwenye wiki ya 3.

Wiki ya 3. Densiti, na kwa nini peke yake haitoshi

Densiti ni kilo zilizomo katika lita moja, na haidromita ni kifaa kinachoelea ndani ya mafuta ili kuipima. Tulitumia mbili: moja ya 0.700 hadi 0.750, nyingine ya 0.750 hadi 0.800, zote zenye vijistari vya 0.0005. Silinda ya mililita 500, kipimajoto cha nusu nyuzi. Haidromita inazamishwa polepole, inazungushwa kidogo ili mapovu yaachie, inaachwa itulie, kisha inasomwa jicho likiwa sawa na uso wa mafuta.

Kisumu mchana ni nyuzi 28 au 29, ilhali viwango huandikwa kwa nyuzi 15. Densiti ya petroli hupungua kwa takriban 0.00087 kwa kila nyuzi moja ya joto. Mfano wa kwanza kwenye daftari: haidromita ilisoma 0.7270 kwa nyuzi 29. Tofauti ya nyuzi 14 mara 0.00087 ni 0.0122, kwa hiyo densiti kwa nyuzi 15 ni 0.7392.

Halafu tukatengeneza mchanganyiko wenyewe, ili tujue tunatafuta nini. Petroli hiyo ya 0.7392 ilichanganywa na mafuta ya taa ya 0.7980:

- asilimia 5 ya mafuta ya taa: 0.7421
- asilimia 10: 0.7451
- asilimia 20: 0.7510

Hapo ndipo ugumu unapoonekana. Petroli halali, isiyoguswa na mtu, inaweza kuwa popote kati ya 0.720 na 0.775 kutegemea mtambo ulioisafisha na meli iliyoileta. Mtu akikuta 0.7510 na kupiga kelele kwamba imechanganywa, anaweza kuwa anamsingizia mwenye stesheni kwa sababu tu shehena mpya imefika. Zaidi ya hayo, kosa la nyuzi tatu na nusu kwenye kipimajoto linatoa tofauti ile ile ya asilimia 5 ya mafuta ya taa. Kipimajoto kinachowekwa nje ya silinda, au kinachosomwa dakika tano baada ya haidromita, hakina maana.

Densiti inasaidia kwa njia moja tu: kulinganisha stesheni zilizojaza kutoka depo moja katika siku zile zile. Zikikaa pamoja saba na moja ikatoka nje ya kundi, hiyo moja inastahili kupimwa zaidi. Ndiyo maana ya saa tatu.

Mzunguko wa kwanza: saba zilikuwa kati ya 0.7385 na 0.7400. P4 ilikuwa 0.7455.

Wiki ya 4 na 5. Kukeneka

P4 ilikuwa inalingana na mchanganyiko wetu wa asilimia 10 karibu kabisa. Ingekuwa rahisi kufunga kesi hapo. Hatukuifunga, na ni vizuri.

Kukeneka ni kuchemsha petroli mililita 100 polepole, kupoza mvuke, na kuandika joto la mvuke kila mililita kumi zinapotoka upande wa pili. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, kila kimoja kina joto lake la kuchemka. Joto ambapo asilimia 10 zimetoka linaonyesha sehemu nyepesi, inayowasha injini ikiwa baridi. Mwisho wa kuchemka unaonyesha sehemu nzito, na hapo ndipo mafuta ya taa na dizeli hujitokeza.

Chupa ya kukeneka ya mililita 125, kondensa inayopita kwenye maji ya barafu, silinda ya kupokea ya mililita 100 iliyozamishwa kwenye barafu pia. Joto linatoka kwenye kikombe cha umeme cha maabara. Moto wa gesi, jiko la makaa au koili iliyo wazi haviruhusiwi karibu, kwa umbali wowote ndani ya chumba. Mawe mawili madogo ya kuchemshia yanaingia kabla ya kuwasha, kamwe si baada ya petroli kupata joto, kwani itafoka. Madirisha yote wazi, kizimamoto cha unga mezani, na mtu wa pili asiyefanya kitu kingine isipokuwa kutazama.

Mwendo ni mililita 4 hadi 5 kwa dakika. Majaribio matatu ya kwanza yalitupwa. La kwanza lilikwenda kasi, na joto la mwisho likapanda kwa sababu mvuke ulipashwa kupita kiasi. La pili balbu ya kipimajoto ilikaa juu ya tundu la kutokea mvuke, ikasoma chini kwa nyuzi kadhaa. Ukingo wa chini wa kapilari (mrija mwembamba wa ndani ya kipimajoto), pale inapoanzia juu ya balbu, unapaswa kulingana na ukingo wa chini wa tundu hilo. La tatu barafu iliyeyuka katikati, mvuke mwepesi ukatoroka, tukapokea mililita 91 badala ya 96.

Jambo jingine ambalo wanaopima pwani hawana haja nalo: Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni karibu kilopaskali 88.5 badala ya 101.3. Vimiminika vyote vinachemka mapema. Sahihisho ni 0.0009 mara tofauti ya kanieneo mara joto la kelvini. Kwenye nyuzi 190 hiyo ni nyuzi 5.3 za kuongeza, na kwenye nyuzi 50 ni 3.7. Asiyesahihisha ataona petroli ya Kisumu kama nyepesi kuliko ilivyo, na anayefanya kazi hii Nakuru, iliyo juu zaidi, atakosea zaidi.

Baada ya kusahihisha, petroli safi ya kulinganishia: asilimia 10 kwenye nyuzi 54, asilimia 90 kwenye 160, mwisho 194. Ikiwa na asilimia 5 ya mafuta ya taa, mwisho ulipanda hadi 211. Kwa asilimia 10 ulifika 222. Kiwango cha Ulaya kinaruhusu mwisho wa 210, cha Marekani 225, kwa hiyo asilimia 10 ya uchafu huo bado ingepita katika kiwango kimoja na kuanguka katika kingine. Lakini tukilinganisha na majirani wa siku hiyo hiyo, nyuzi 28 za tofauti hazina mjadala. Hiki ndicho kipimo bora tulicho nacho. Asilimia 5 inayoleta mabadiliko ya 0.003 tu kwenye haidromita, hapa inaleta nyuzi 17.

P4: asilimia 10 kwenye nyuzi 65, asilimia 90 kwenye 164, mwisho 195.

Mwisho haukupanda. Mwanzo ndio uliopanda. Hakuna mafuta ya taa humo. Petroli imepoteza sehemu nyepesi, na kilichobaki ni kizito zaidi kwa sababu hiyo tu. Ili kuhakikisha, petroli safi iliwekwa nusu mtungi wa plastiki wenye kifuniko kilicholegea, juani, siku tatu. Ilipoteza karibu asilimia 6 ya uzito wake, densiti ikafika 0.7460, asilimia 10 ikahamia nyuzi 66, mwisho ukabaki pale pale. Pacha wa P4. Ni stesheni isiyouza sana petroli, na tenki lake hukaa muda mrefu kabla ya kujazwa tena.

Athari yake kwa mwenye pikipiki ni halisi: injini ngumu kuwaka alfajiri, hasa yenye kabureta. Lakini kati ya kuuza mafuta yaliyochakaa na kuchakachua kuna umbali mkubwa, na densiti peke yake ingetufanya tumtuhumu mtu kwa kosa asilolifanya. Petroli ya chupa inayouzwa vibandani kando ya barabara za vijijini iko katika hali hiyo hiyo, na mara nyingi mbaya zaidi, kwa sababu chupa iko juani na hufunguliwa kila mara.

Tangu 2018 mafuta ya taa yalipowekewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita wa kuzuia uchakachuaji, faida ya kuyachanganya imepungua sana. Hatukukuta hata stesheni moja kati ya nane yenye mafuta ya taa ya kiwango tunachoweza kukiona, yaani kuanzia asilimia 3 hivi.

Wiki ya 6. Vipimo vifupi

Karatasi ya chujio: tone moja, subiri dakika mbili. Petroli safi inapotea. Dizeli kidogo huacha duara la mafuta linaloonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga. P7 iliacha duara hafifu, na kukeneka kulionyesha mkia mrefu: asilimia 95 zilitoka kawaida, kisha joto likaendelea kupanda hadi mabaki ya kahawia kwenye chupa. Sampuli ya wiki iliyofuata ilikuwa safi. Hiyo ni alama ya chemba ya lori au bomba la kushushia lililobaki na dizeli, likasafishwa na shehena iliyofuata.

Kileo: mililita 90 za petroli, mililita 10 za maji yenye tone la wino ili mpaka uonekane, tikisa dakika moja, acha dakika kumi. Ethanoli huhamia kwenye maji, na petroli ikiwa na asilimia 10 yake, tabaka la chini hukua hadi karibu 19. Kipimo hiki kina sababu huku magharibi: Muhoroni hutengenezwa ethanoli kutoka molasi ya miwa, na miaka ya 1980 iliwahi kuchanganywa kwenye petroli nchini. Sampuli zote nane zilibaki kwenye 10.

Maji: chupa ya kioo angavu, isimamishwe usiku kucha, iinamishwe polepole. Maji hukaa chini kama ushanga unaoviringika. P2 ilikuwa na ushanga mdogo siku mbili baada ya mvua kubwa. Meneja alituruhusu kupaka dawa ya kupimia maji kwenye fimbo ya tenki, ikabadilika rangi kwa kimo cha sentimita 2. Bomba la kunyonya huwa juu zaidi ya hapo, lakini lori likishusha mafuta, maji yanakorogeka na kupanda. Ndiyo maana haifai kujaza wakati lori linashusha. Kifuniko cha tundu la kujazia kilikuwa na pete iliyopasuka, na kilibadilishwa siku hiyo hiyo.

Wiki ya 7. Jenereta, kipimo tulichokiacha

Jenereta ya kilowati 2, mzigo wa balbu za wati 1,000 ukiwa mita tano mbali na mafuta, injini ipashwe dakika 20, kisha mafuta yapimwe kwa uzito kabla na baada ya nusu saa. Kurudia sampuli ile ile kulitoa tofauti ya asilimia 2 peke yake. Na hata bila tofauti hiyo kipimo hakifai: kilo ya petroli na kilo ya mafuta ya taa zina nishati karibu sawa, megajuli 43 na kitu. Petroli iliyochakachuliwa inaharibu plagi, inagonga injini ikipanda mlima na kuchafua oili, lakini kilomita kwa lita hazipungui. Anayesema petroli ya mahali fulani "haiendi mbali" anaeleza kitu kingine.

Okteni, yaani uwezo wa petroli kuzuia injini kugonga, haipimiki bila injini maalumu ya maabara. Tusijidanganye na vifaa vya bei nafuu. Hewa nyepesi ya miinuko yetu pia hupunguza kugonga kwa injini, kwa hiyo sikio la fundi haliwezi kulinganisha stesheni kwa hilo.

Wiki ya 8. Kitu kingine hicho

Ni kiasi. Tulipima kwa mizani ya kilo 10 inayosoma gramu 1: mtungi mtupu, mtungi na mafuta, gawanya uzito kwa densiti ya joto la wakati huo. Lita 5 za 0.7270 ni gramu 3,635. Hewa huinua mtungi kidogo, kwa hiyo tunaongeza asilimia 0.13, yaani gramu 4.7. Ukisahau hilo, kila pampu itaonekana pungufu kwa mililita 6 hivi.

Kwa lita 5, pampu saba zilikuwa ndani ya asilimia 0.5, ambayo ndiyo mipaka ya kimataifa kwa pampu za aina hii. P6 ilitoa pungufu kwa mililita 55, asilimia 1.1, mara tatu mfululizo.

Kisha tukapima jinsi bodaboda anavyonunua hasa: "weka ya mia". Kwa bei ya shilingi 180 kwa lita, hiyo ni mililita 556. Bamba la pampu lina maandishi madogo ya kiasi cha chini kabisa kinachoruhusiwa kupimwa, mara nyingi lita 2 au 5. Chini ya hapo usahihi haudhaminiwi. Vali ya mdomo wa pampu ikivuja kidogo, mpira hushuka mafuta kati ya wateja, na mita huanza kuhesabu kabla mpira haujajaa. Mililita 20 zinazopotea hivyo ni asilimia 0.4 ya lita 5, wala hakuna atakayeziona. Kwenye mililita 556 ni asilimia 3.6. Pampu tatu kati ya nane zilitoa pungufu kati ya mililita 15 na 25 kwenye "ya mia" ya kwanza baada ya kupumzika nusu saa, na karibu hakuna pungufu kwenye ya pili iliyofuata papo hapo. Mhudumu hakufanya lolote.

Dereva anayenunua "ya mia" mara sita kwa siku kwenye pampu ya aina hiyo anaweza kupoteza hadi mililita 150, na kwa kuwa hazihesabu, analaumu ubora. Akinunua lita 2 kwa mara moja, au akingoja nyuma ya mteja mwingine kwenye pampu ile ile, sehemu kubwa ya hasara hiyo inakwisha.

Namba za P6 zimepelekwa kwa meneja wake kwa maandishi, pamoja na hesabu yote. Pampu ina muhuri wa Vipimo na Mizani wa mwaka huu, kwa hiyo hatua inayofuata ni kipimo cha lita 20 cha idara yenyewe, si mizani yetu.

Wiki ya 9. Yaliyobaki

Mzunguko wa pili ulichukuliwa siku nne baada ya bei mpya ya EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta nchini, kuanza tarehe 15. Kundi zima limehama: 0.7460 hadi 0.7475. Shehena nyingine. P4 ilijazwa na sasa iko ndani ya kundi, asilimia 10 kwenye nyuzi 55. Mtu angelinganisha P4 ya mwezi uliopita na P1 ya wiki hii, angesema ni petroli ile ile.

Mvua za Machi zikianza, kipimo cha fimbo kitarudiwa P2, P3 na P5, zilizo kwenye udongo mweusi wa bondeni. Chupa za akiba za mzunguko wa kwanza zitachomwa kwenye jenereta mwisho wa mwezi, na mtungi wa chuma unahitaji pete mpya ya kifuniko kabla ya hapo.